Naomba ushauri: nikague nini kabla ya kununua seti ya dramu iliyotumika?

Mwenye_Fimbo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimekuwa nikipiga dramu za watu wengine kwa muda wa kutosha, na sasa nataka kuwa na seti yangu mwenyewe. Mpya siimudu, kwa hiyo nimegeukia zilizotumika, na kuna muuzaji ambaye tumekubaliana nikaione ya kwake mwishoni mwa wiki hii. Kwa maelezo yake ni seti ya ngoma tano: kiki (ngoma kubwa inayopigwa kwa pedali) ya inchi 22, tomu mbili (ngoma za kati) za inchi 12 na 13, tomu ya sakafuni ya inchi 16, na sinea (ngoma yenye nyaya chini yake) ya inchi 14. Pamoja nazo kuna matoazi, yaani hai-hati (matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa pedali) za inchi 14, kreshi (toazi la kutilia mkazo) ya inchi 16, raidi (toazi kubwa la kupigia mapigo mfululizo) ya inchi 20, stendi zote, pedali na kigoda. Anauza vyote kwa mkupuo, hataki kuvitenganisha, na anasema vimekaa stoo muda mrefu bila kuguswa.

Kupiga najua, kukagua sijui. Wenzangu wananiambia nikae, nipige, nikiona inalia vizuri nilipe. Ushauri huo haujaniridhisha, kwa sababu katika picha alizonitumia ngozi za juu zimechoka kabisa, na sidhani kama ipo seti inayoweza kulia vizuri katika hali hiyo. Ninachoomba kujua ni kasoro zipi zinapaswa kunikimbiza, zipi nizitumie kuombea punguzo, na zipi nisijisumbue nazo.

Fundi_Mizinga alijibu:

Ndugu Mwenye_Fimbo, wasiwasi wako una msingi. Sauti utakayoisikia siku ya kwanza ni kipimo dhaifu kuliko vyote ulivyo navyo. Ngozi zilizochakaa na skrubu zisizokazwa sawasawa huifanya ngoma nzuri ilie kama debe, na mtu mjanja anaweza kuifunga ngoma mbovu ngozi mpya nene, akabandika vipande vya tepu juu yake, nawe ukaisifu. Anza kwa kutenganisha yale yanayoondoka kwa ufunguo wa dramu (wa kukazia skrubu za ngozi) na ngozi mpya, na yale yaliyomo ndani ya mbao zenyewe. Ya kwanza ni ya kujadiliana bei. Ya pili ndiyo ya kukufanya uage na kuondoka.

Nenda na ufunguo wako wa dramu, tochi, tepu ya kupimia na fimbo zako. Mwombe muuzaji mapema, kabla hujafunga safari, akuruhusu kufungua ngozi za ngoma mbili angalau, na usikubali achague yeye ni zipi. Mimi ningefungua tomu ya sakafuni na sinea. Mtu anayejua alichonacho hakatai, mradi umwahidi kuzirudisha kama ulivyozikuta.

Kitu cha kwanza kutazama ni ukingo wa mzinga, yaani wa ule mwili wa mbao wa ngoma. Ngozi haikalii unene wote wa mbao. Hukalia mstari mwembamba uliochongwa kwa mshazari, mara nyingi wa nyuzi 45, na mtetemo wote kati ya ngozi na mbao hupitia hapo. Pitisha ncha ya kidole polepole mzunguko mzima, upande wa juu na wa chini. Mahali palipogongwa utapahisi kabla hujapaona: kidole kitashuka ghafla, au kitakwama kwenye nyuzi za mbao zilizosimama. Kisha usimamishe mzinga juu ya kioo kinene au jiwe lililosawazishwa, upunguze mwanga wa chumba, uweke tochi inayowaka ndani yake, na uzunguke ukitazama mahali mwanga unapopenya chini ya ukingo. Meza ya mbao ya kawaida haifai kwa kazi hii, kwa sababu utakuwa unapima mapindo ya meza. Mwanya mwembamba wa mahali pamoja haunitishi. Mwanya mpana, au ukingo unaogusa kioo sehemu chache tu, maana yake ngoma hiyo haitakubali kupatana, yaani kukazwa mpaka itoe sauti sawa, hata ukiifunga ngozi ya bei gani, mpaka kingo zichongwe upya na mtu mwenye mashine na ujuzi. Kazi hiyo inawezekana, ila gharama yake kwenye seti ya kawaida mara nyingi haina maana.

Baada ya hapo pima kipenyo cha mzinga katika pande nne tofauti. Mbao ni mbao, kwa hiyo tofauti ya milimita moja au mbili ni ya kawaida. Ikiwa kubwa zaidi, kipimo cha kweli ni ngozi yenyewe: ukiiweka juu ya mzinga mtupu inapaswa kushuka kwa uzito wake na kuzunguka bila kubanwa. Ukilazimika kuisukuma kwa kiganja, basi mzinga umepinda au umevimba, au ganda la plastiki linaloufunika limeinuka.

Umesema seti imekaa stoo. Hilo ndilo neno lililonishtua kuliko mengine. Kama stoo hiyo ina unyevu, tomu ya sakafuni na kiki ndizo zilizoathirika, hasa ikiwa ziliwekwa chini bila miguu yake. Igeuze tomu, uitazame mbao ya ukingo wa chini kwa tochi: utafute doa jeusi, tabaka za mbao zilizoanza kuachana, na harufu ya ukungu. Gongagonga ndani ya mzinga kwa kifundo cha kidole, ukisikiliza sehemu inayotoa mlio mfu au mchakacho kuliko jirani zake, kwa kuwa huko ndiko gundi ilikoachia. Tabaka zikiwa zimeachana kwa upana wa kiganja, mimi nisingenunua hata kama matoazi ni mazuri kiasi gani.

Ganda la plastiki lililoachia kidogo kwenye maungio yake ni jambo la gundi na vibanio. Mikwaruzo ya nje isikusumbue kabisa.

Sikio_la_Shaba alijibu:

Nakubaliana na Fundi_Mizinga kuhusu mbao, lakini mimi ningeanza na matoazi, kwa sababu mbili. Kwanza, hayahitaji kufunguliwa wala ruhusa ya mtu. Pili, katika seti inayouzwa kwa mkupuo ndiyo yanayoweza kubeba sehemu kubwa ya thamani, au yasibebe chochote.

Soma maandishi yaliyo juu ya toazi kwa makini, na usiridhike na jina la kampuni. Zildjian, iliyoanzia Istanbul mwaka 1623, na Sabian, iliyoanzishwa Kanada mwaka 1981, zote mbili huuza matoazi ya mtu anayeanza na ya mtu anayeishi kwa kazi hii, na jina kubwa linaonekana vilevile kwenye yote. Tafuta jina la daraja. Matoazi ya daraja la juu mengi yametengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 80 na bati asilimia 20, unaoitwa B20. Ya kati na ya chini mengi ni B8, yaani shaba asilimia 92 na bati asilimia 8. Na yale yanayokuja bure ndani ya seti za wanaoanza mara nyingi ni ya shaba ya njano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Haya ya mwisho yahesabu kama hayapo. Hayana mlio wa kudumu, na hata ukiyauza hutapata mteja wa maana.

Kisha tafuta nyufa. Ziko mahali patatu: kwenye ukingo wa nje, kwenye mifereji ya duara iliyochongwa juu ya toazi, na kwenye tundu la katikati. Pitisha ukucha ukingo mzima. Ufa ambao jicho halijauona, ukucha utaukamata. Halafu lichukue toazi kutoka kwenye stendi, ulining'inize kwa kidole kilichopita kwenye tundu, na uligonge polepole kwa fimbo kuzunguka ukingo. Toazi zima huendelea kuimba mpaka sauti inafifia yenyewe. Lenye ufa hukatika mapema, au hutoa mchakacho mwembamba chini ya mlio, na mchakacho huo huongezeka unapokaribia mahali penyewe. Mwisho litazame kinyume na mwanga mkali, hasa ile mifereji, maana ufa unaofuata mfereji hujificha vizuri sana.

Tundu la katikati litazame kwa umbo. Linapaswa kuwa duara. Likiwa limeliwa upande mmoja, ujue mwenyewe alilipiga muda mrefu bila kimirija cha plastiki, chuma kikisaga shaba, na kwenye pembe ya sehemu iliyoliwa ndipo ufa huanzia.

Usikubali kuambiwa kwamba ufa ni mdogo. Shaba ya aina hii ni ngumu lakini ni rahisi kupasuka, na kila pigo linaurefusha. Wapo wanaotoboa kitundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, na wapo wanaokata kipande kizima. Mbinu zote mbili huchelewesha tu. Toazi lenye ufa lilipie bei ya chuma chakavu, au mwambie muuzaji alitoe kwenye hesabu. Uchafu, alama za vidole na rangi ya kijani si kasoro. Binafsi toazi chafu hunipa imani zaidi kuliko lililong'arishwa mpaka maandishi yamefutika, kwa sababu hapo huwezi tena kujua unanunua nini.

Nati_na_Hesi alijibu:

Mimi niseme habari ya vyuma kwa ufupi, maana watu huvidharau kisha hulipa baadaye. Zungusha kila skrubu ya kukazia kwa ufunguo, nusu mzunguko mbele na nyuma. Skrubu inayozunguka bila kukaza chochote ina hesi (mifereji ya skrubu) zilizokwisha, ama zake au za ndani ya lagi, yaani kile kishikio cha chuma kwenye mzinga ambamo skrubu huingia. Za skrubu ni rahisi, unanunua nyingine. Za lagi zinategemea muundo: lagi nyingi zina kinati cha ndani kinachobadilishwa, lakini zile zilizotobolewa hesi moja kwa moja kwenye chuma chake zinadai lagi nzima, na ya aina hiyohiyo inaweza isipatikane tena.

Kutu ya juu juu inayofutika kwa kitambaa na mafuta kidogo si kitu. Vishimo vyeusi vilivyokula kromu ni vya kudumu, ingawa havibadilishi sauti. Rimu, yaani pete inayoibana ngozi kwenye mzinga, iondoe na uilaze mahali palipo sawa. Ikiwa inayumba, imepinda, na ngoma hiyo itakutesa kila unapotaka kuipatanisha.

Kifungio cha juu cha hai-hati, kile kinachoshika toazi la juu kwenye fimbo yake, hakikisha kipo na kinabana. Ni kidogo, hupotea kirahisi, na bila hicho hai-hati hazifanyi kazi. Pedali ishushe kwa mkono taratibu: inapaswa kwenda na kurudi bila kuyumba pembeni na bila mkwaruzo. Angalia pia rimu ya mbao ya kiki mahali pedali inapong'ata, kwani hapo mbao hupondeka na wakati mwingine hupasuka kabisa.

Mwenye_Fimbo aliandika tena:

Nawashukuru sana. Muuzaji amekubali nifungue ngoma mbili, na amekwenda mbali zaidi: amefungua sinea mwenyewe na kunitumia picha. Nimeona mambo matatu ambayo siwezi kuyaamua. Kwanza, ukingo wa chini wa sinea una mabonde mawili ya kina kidogo, moja likikabiliana na jingine. Pili, juu ya kiki, karibu na bamba linaloshika tomu, kuna matundu matatu yaliyozibwa kwa unga wa mbao na gundi. Tatu, nembo ya sinea ni ya kampuni tofauti na ya ngoma nyingine nne. Je, haya ni ya kunirudisha nyuma?

Fundi_Mizinga alijibu:

La kwanza si kasoro. Ni kitanda cha nyaya za sinea, kilichochongwa makusudi kiwandani ili nyaya zilale zikiigusa ngozi ya chini bila kuinuliwa na ukingo. Utakitambua kwa mambo mawili: hushuka na kupanda taratibu bila kona kali, na hukaa sambamba kabisa na mahali nyaya zinapotokea, yaani upande wa wenzo wa kubania na kuachia nyaya na upande wa pili unaokabiliana nao. Bonde la ajali huwa na kona, huwa fupi, na liko popote. Nimewahi kuona sinea nzuri iliyoharibiwa na mtu aliyekijaza kitanda hicho akidhani anatengeneza.

Ukifika, ishughulikie sinea hiyo kwa wenzo wake. Upandishe na kuushusha mara kadhaa: nyaya zinapaswa kubana na kuachia papo hapo, na wenzo usishuke wenyewe unapopiga kwa nguvu. Hesabu pia nyaya zilizokatika au zilizovutika zikaning'inia. Nyaya ni za kubadilisha, lakini wenzo mbovu wa kampuni isiyotengeneza tena vipuri vyake ni tatizo lenye miguu mirefu.

Nembo tofauti ni jambo la kawaida kwa sinea, kwa kuwa wapigaji wengi huibadilisha kabla ya ngoma nyingine yoyote. Kinachotakiwa ni muuzaji asikutoze bei ya seti kamili ya kiwandani. Hakikisha tu kwamba hizo nne zinafanana kweli: mulika ndani ya kila mzinga ulinganishe rangi ya mbao, idadi ya tabaka na umaliziaji wake. Nembo huhamishwa kwa dakika chache, mbao ya ndani haihamishiki.

Matundu yaliyozibwa, kwa maoni yangu, yanatosha kushusha bei kwa kiasi kikubwa.

Besi_Ishirini_na_Mbili alijibu:

Hapo kwenye matundu naomba kutofautiana kidogo na ndugu yangu Fundi_Mizinga. Kwa mkusanyaji wa ngoma za zamani, tundu moja lisilo la kiwandani huondoa thamani, na nalikubali hilo. Lakini Mwenye_Fimbo anatafuta seti ya kupiga, na kiki ya inchi 22 yenye matundu matatu madogo yaliyozibwa vizuri hailii tofauti na isiyo nayo kwa namna ambayo sikio litaitambua. Aombe punguzo, ndiyo, ila asiikimbie seti kwa sababu hiyo.

Swali langu ni kwa nini yalitobolewa. Mara nyingi mtu hubadilisha bamba la tomu kwa sababu anataka la muundo mwingine, na hilo halina ubaya. Wakati mwingine, hata hivyo, huhamisha bamba kwa sababu mbao ya mahali pa kwanza ilipasuka kwa uzito wa tomu mbili zilizokuwa zikicheza miaka mingi. Kwa hiyo toa ngozi ya mbele ya kiki, ingiza mkono na tochi, na utazame upande wa ndani wa matundu hayo: je, kuna mistari ya ufa inayotoka kwenye tundu moja kwenda jingine? Baadaye zifunge tomu zote mbili mahali pake, uzitikise kwa mkono, na uangalie kama mbao inayozunguka bamba inajipinda. Ikijipinda, tatizo bado lipo.

Kuhusu bei, ngoma tano zina ngozi kumi, lakini usihesabu zote kumi kama gharama ya mwezi wa kwanza. Za chini hazipigwi na hudumu muda mrefu. Hesabu tano za juu, na ile ya chini ya sinea ikiwa imelegea au imetoboka, kwa kuwa ni nyembamba mno na ndiyo inayoamua jinsi nyaya zinavyoitika. Ongeza felti (vipande vya kitambaa kinene vinavyokalisha matoazi), vimirija vya stendi na chochote kitakachokosekana, kisha utoe jumla hiyo kwenye bei ambayo seti za daraja hilohilo zinauzwa zikiwa tayari kupigwa. Nenda na hesabu hiyo ikiwa imeandikwa. Muuzaji hubishana na maneno kwa urahisi kuliko na karatasi.

Na muulize, bila kumtuhumu, aliipata wapi na aliipiga kwa muda gani. Piga picha za namba za utambulisho kama zipo. Mtu aliyeimiliki kweli seti atajua kuifunga, atakumbuka nati ipi ni sumbufu, na hatakasirika kuulizwa.

Mwenye_Fimbo aliandika tena:

Nimeelewa. Ninalo swali moja tu la utaratibu: amenipa muda wa saa moja, kwa sababu ana safari. Nianze na kipi na nimalize na kipi?

Sikio_la_Shaba alijibu:

Anza na matoazi kabla mkono haujachoka na sikio halijazoea kelele. Dakika kumi zinatosha. Kisha tomu ya sakafuni ifunguliwe, kwa sababu ya habari ile ya stoo. Ikiwa imevimba au inanuka ukungu, mshukuru muuzaji na umwachie muda wake. Ikiwa salama, nenda kwenye kiki na bamba lake, halafu wenzo wa sinea, halafu skrubu na stendi. Kupiga kuwe mwisho. Kaza kwanza ngozi za juu sawasawa kadiri zinavyoruhusu, na upige ngoma moja moja huku nyaya za sinea zikiwa zimeachiwa, vinginevyo mchakacho wake utaitikia kila pigo nawe utaulaumu mzinga usio na hatia. Ukisikia mlio wa ajabu, zishike stendi kwa mkono, moja baada ya nyingine, na upige tena, kabla hujasema lolote kuhusu bei.